Mama wa Kitabuni

Wiki iliyopita mliniacha nimeinamia karai la maji, mkono wangu wa kulia umeungua kwa pasi, na mlangoni mtu anapiga hodi.

Kwa wewe unayenikuta leo tu, naitwa Florence, fundi wa nguo hapa Garsen. Nusu ya watoto wa mji huu wanavaa sare nilizozishona mimi. Mume wangu Jairus alifariki akaniachia mtoto mmoja, Zachary. Zachary alikwenda Mombasa kutafuta maisha, akarudi mikono mitupu, na tangu arudi ananipiga.

Ndiyo. Mwanangu wa kumzaa ananipiga. Nilishalisema na leo nalirudia, maana hata mimi bado sijalizoea.

Alianza na kofi, kwa sababu ya chai iliyopoa. Akahamia kwenye ngumi. Mara hii alichukua pasi yangu ya makaa, ile ninayonyooshea sare, akanibandika nayo nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko. Kosa langu lilikuwa kumuuliza alilala wapi.

Na huko nje? Huko nje Zachary ni malaika. Mafuriko yalipotutoa makwetu, yeye ndiye aliyewabeba vikongwe wa kijiji cha Hewani mgongoni mpaka penye nchi kavu. Kwaya ni yeye. Mazishi ni yeye. Nikipita sokoni wanawake wananiambia, "Mama Zachary, wewe ulizaa!"

Sasa yule aliyekuwa akipiga hodi alikuwa Pauline, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Alikuja anacheka peke yake njiani. Bintiye Lavender na mwanangu Zachary wamekubaliana kuoana.

Nilimpa mkono wa kushoto. Nikasema, "Bwana asifiwe."

*

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya chama chetu. Wanawake wengine wana vyama vya kuzungushiana pesa, sisi chama chetu ni cha kusoma vitabu. Zachary alinikuta chumbani nahangaika na kitambaa cha kufungia kidonda.

"Tulia, mama. Nipe nikufunge."

Akapiga magoti mbele yangu. Akaosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu. Akakipuliza, taratibu, kama nilivyokuwa nikimpuliza yeye magoti akianguka. Msomaji, ungemwona wakati ule ungelia kwa wivu, ungesema laiti na mimi ningepata mtoto kama huyu.

"Wakikuuliza umefanya nini, utasema nini?"

"Nitasema ni mafuta ya sambusa."

"Mama." Akatikisa kichwa kama mwalimu mbele ya mtoto mzito wa kuelewa. "Wewe sambusa umeanza kukaanga lini? Sema pasi. Uongo ukikaa karibu na ukweli, hauonekani."

"Nitasema pasi."

"Ilifanya nini?"

"Iliniponyoka."

"Umeona? Rahisi." Akanibusu kwenye paji la uso. Kisha akafungua sanduku langu, akanichagulia gauni la mikono mirefu, kitambaa kizito, na jua la Garsen mnalijua. "Msalimie mama mkwe wangu."

Mtaniuliza, mbona hukwenda polisi? Mbona hukwenda kwa chifu? Nilifika mara moja mpaka kwenye ua wa chifu. Zachary alikuwa ndani anamsaidia chifu kupanga viti vya baraza. Akatoka, akaniambia, "Mama, karibu, ulikuwa unanitafuta?" Nikasema ndiyo, chakula kiko tayari.

*

Tulikuwa wanne. Mwalimu Hawo, Muorma, ndiye aliyeanzisha chama. Bi Mwanaarusi, mzaliwa wa Kipini, ana mkahawa wake ng'ambo ya barabara kutoka duka langu, na tulikutania chumba cha nyuma cha mkahawa huo. Pauline. Na mimi.

Kitabu kilikuwa kimoja, kinapita mkono kwa mkono. Ilikuwa riwaya ya mama mmoja mjane anayepigwa na mwanawe. Mama anaficha. Anasema ameteleza bafuni, anasema ameanguka ngazi. Kisha anajiambia kijana akioa atatulia, na yeye mwenyewe anakwenda kumposea binti wa watu. Binti anaolewa. Binti anapata mimba. Siku moja yule kijana anampiga teke la tumbo, na binti anafia sakafuni. Na yule mama, kabla ya majirani kufika, anachukua kitambaa na ndoo, anapiga deki.

Hilo deki ndilo lililowachafua wenzangu roho.

"Mimi nilikitupa chini," alisema Hawo. "Mama gani huyu? Binti wa mtu bado ana joto, yeye anakamua kitambaa?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema Bi Mwanaarusi. "Msimhukumu mbio mbio."

"Uchungu gani, Bi Mwanaarusi?" Pauline alikuwa amesimama tayari. Pauline hawezi kujadili jambo ameketi. "Mtoto uliyemnyonyesha akupige, wewe ubaki unamwekea chakula? Huyo si mama. Huyo ni mkeka."

"Marehemu babangu," alisema Hawo, "kijana wa hivyo angemfukuza bomani, na kiatu asichukue."

"Tena mnakumbuka pale anapojificha chini ya meza?" Pauline akaanza kucheka. "Halafu kijana anakula, na yeye anachungulia?"

Akapiga magoti. Mwanamke mzima, mwenyekiti, akaingia chini ya meza ya Bi Mwanaarusi. Akatoa kichwa tu, amekunja uso, sauti nyembamba kama ya mbuzi:

"Mwanangu... umeshiba? Nikuongeze mchuzi?"

Hawo akacheka mpaka akashika ubavu. Bi Mwanaarusi akajifunika uso kwa leso, mabega yanamruka.

Na mimi nilicheka.

Nataka mlijue hilo. Nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na nikashukuru kwamba nacheka, kwa sababu machozi yalikuwa yakija tu, na sasa yalipata kisingizio.

Meza ile niliijua. Sisemi ya kitabuni. Nasema ya kwangu, jikoni kwangu.

"Florence, wewe wanyamaa tangu tuketi," alisema Bi Mwanaarusi akijipangusa. "Nena, wasemaje?"

Wote wakanitazama.

"Mimi naona... mwandishi ametia chumvi."

"Chumvi!" Pauline akatoka chini ya meza, anajikung'uta magoti. "Nikuambie kitu, Mama Zachary. Mimi yule kijana simlaumu sana. Yule kijana ni panga. Mama ndiye aliyelishika mpini. Alijua, akanyamaza, akaenda kuchukua binti wa watu akamweka mbele ya makali. Muuaji ni nani hapo?"

"Mama," alisema Hawo.

"Ni mama," alisema Bi Mwanaarusi, kwa shingo upande.

"Mama Zachary?"

"Ni mama," nikasema.

Pauline akatabasamu, ameshinda. Kisha akanikazia macho. "Na huo mkono umefanya nini? Mbona unaukumbatia?"

"Pasi iliniponyoka."

"Pole. Uponye haraka, maana tuna kazi." Akawageukia wenzetu, akapiga makofi. "Haya, kitabu tumekimaliza! Sasa niwape habari tamu. Jumamosi ijayo washenga wanakuja kwangu. Zachary anamwoa Lavender!"

Bi Mwanaarusi akapiga kigelegele palepale. Hawo akanikumbatia, akaubana mkono ulioungua. Nikauma ulimi.

"Na gauni," alisema Pauline, "atashona mama mkwe mwenyewe. Lavender atakuja Jumatatu apimwe."

*

Nilimfuata Pauline njiani. Nikamwambia, pitia dukani kwangu mara moja, kuna kitu nataka ukione. Alidhani ni kitambaa cha gauni. Akaingia anaimba.

Nikafunga mlango. Nikafungua vifungo, nikautoa mkono kwenye gauni, nikafungua kitambaa cha kidonda.

"Pauline, usimpe Zachary binti yako."

Akatazama kidonda. Akatazama alama nyingine, za zamani, za manjano, begani na ubavuni. Wimbo ulimkauka mdomoni. Hakuuliza ni nani. Hilo nililiona, na nikadhani ni dalili njema.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu. Mungu na wewe."

Akanisogelea. Nikajua sasa atanikumbatia. Nilikuwa tayari kuanguka. Akashika gauni langu, akanivalisha, akanifunga vifungo mpaka cha shingoni.

"Basi ibaki hivyo."

"Pauline!"

"Ibaki hivyo, Mama Zachary."

"Sasa hivi tu umetoka kusema kwamba mama aliyenyamaza—"

"Nilikuwa nasema habari za kitabu! Kitabu ni kitabu." Akaketi kwenye kiti changu cha cherehani. Sauti ikashuka. "Lavender ana mimba. Ya mwanao. Mimi ndiye niliyewasimamisha mabinti wa watu waliopata mimba mbele ya kanisa, nikawatoa kwaya, nikawafanya mfano. Akina mama zao walinililia, nikawaambia Mungu hana upendeleo. Leo nimsimamishe wa kwangu? Wanicheke? Hapana. Nife kwanza."

"Atamuua."

"Hatamuua. Wewe anakupiga kwa sababu umemganda kama kupe tangu Jairus afe. Umekula wapi, umelala wapi, umerudi na nani. Mwanamume gani atavumilia? Akipata mke atatulia."

Akipata mke atatulia. Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma kwa macho yangu mawili, na yeye pia, ukurasa uleule.

"Nitamwambia Lavender mwenyewe," nikasema.

Pauline akasimama. Uso aliouvaa pale sikuwahi kuuona.

"Jaribu. Nitasema una wivu na mwanao. Nitasema hukutaka aoe, umtunze ndani kama mume. Garsen hii, Florence, wataamini nani? Wewe au mimi?"

Hakuniita Mama Zachary. Aliniita Florence. Akatoka, akaufungua mlango wazi kabisa, na nje nikamsikia akimsalimu mtu kwa furaha.

*

Lavender alikuja Jumatatu alasiri, ametoka Tarasaa anakofundisha chekechea. Binti mzuri, mpole, chaki bado vidoleni. Aliniamkia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimzungushia futi kifuani. Nikamzungushia kiunoni, na pale nikahisi kile kitumbo, kigumu kama embe bichi. Mjukuu wangu. Futi ikaanguka.

Nikamwambia yote. Sikupanga maneno. Kofi, ngumi, meza, pasi. Nikamwambia, ondoka, nenda kwa ndugu zako, nenda popote, huyo mtoto atalelewa tu.

Lavender hakupiga kelele. Hakushtuka hata kidogo. Alinishika mkono, akaniketisha, macho yamejaa huruma. Huruma ile ndiyo iliyonitisha.

"Mama, Zachary aliniambia utasema hivi."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba tangu baba afariki, kichwa chako kimechoka. Kwamba unajiumiza mwenyewe ukiwa peke yako. Alisema utawaambia watu pasi ilikuponyoka. Halafu siku moja utabadilisha, utasema ni yeye." Akalia kidogo. "Alinililia, Mama. Alisema hajui afanye nini na mama yake. Amepata daktari wa akili huko Mombasa. Harusi ikiisha tu, atakupeleka."

Nikautoa mkono wangu mkononi mwake.

Ule uongo aliopiga magoti kunifundisha, alikuwa ameshaupeleka mbele akautega. Nami nikaenda nikausema mbele ya mashahidi watatu, kama nilivyofunzwa, kwa ulimi wangu.

Nifanye nini? Nikavua tena. Nikampa mgongo.

"Tazama tu, mwanangu. Sisemi tena. Tazama."

Alitazama kwa adabu, kama unavyomtazamia mgonjwa kidonda asichokuwa nacho. Nikasikia anasogea karibu.

"Mama, ncha ya pasi imeelekea juu. Begani."

"Ndiyo."

"Na ni nyuma kabisa."

Pasi ilikuwa mezani, baridi, haina makaa. Lavender akaishika kwa mkono wa kushoto. Akaupeleka mkono kifuani, akatafuta nyuma ya mkono wa kulia. Haikufika. Akajaribu kupitisha mgongoni. Pasi ya makaa ni nzito, mkono ukamtetemeka, ikamgonga ubavuni. Akajaribu tena, ameuma meno, kama mtu anayeomba ifike. Akaiacha ikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Haifiki," alisema.

Rangi ikamtoka usoni.

"Haiwezi kufika, Mama. Mtu hawezi. Lazima mwingine asimame nyuma."

"Nini hakifiki?"

Zachary alikuwa mlangoni. Shati jeupe, amenyoa vizuri, amekuja kumchukua mchumba wake.

Nilijitahidi kuvaa gauni. Lavender hakunisubiri. Vijana hawajui kuogopa mpaka wafundishwe.

"Wewe ndiye uliyemchoma mama yako?"

Zachary alinitazama mimi, si yeye. Akatabasamu. Tabasamu lile dogo la upande mmoja.

"Mama, umeanza tena?"

Kisha akafanya jambo ambalo hata mimi, niliyemzaa, sikulitazamia. Alirudi nyuma mpaka barabarani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa sauti.

"Jamani! Jamani nisaidieni! Mama yangu amezidiwa!"

*

Watu walijaa kabla sijafunga kifungo cha mwisho. Wauza samaki walikuja, wanaume wa bodaboda walikuja, Bi Mwanaarusi akavuka barabara na unga mikononi. Mwalimu Hawo alikuwa akipita kutoka shule. Na Pauline, ambaye alikuwa njiani kuja kuona kitambaa cha gauni.

"Nimemkuta anamtisha Lavender kwa pasi!" Zachary alisema. Machozi yalikuwa ya kweli, yanatiririka. "Mwenye mimba, jamani!"

Hapo ndipo watu walipojua habari za mimba. Nikaona Pauline akiyumba. Lakini hakuna aliyemjali, maana wote walikuwa wakinitazama mimi, gauni limekaa upande, nywele wazi. Lavender alikuwa akisema hakutishwa, mkono wa mtu haufiki pale, lakini nani amsikie katika kelele zile.

"Ananipiga!" nikasema. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti kubwa. Lilitoka kama limeng'olewa. "Mwanangu ananipiga! Amenichoma yeye!"

Nilingoja mbingu ianguke.

"Pole sana, Zachary," alisema mwanamke mmoja muuza samaki.

"Huyu mama mpeleke hospitali bana," alisema mtu wa bodaboda. "Usimwache hivi."

Hawo peke yake ndiye aliyenijia. Akanishika mkono, akaniuliza taratibu, macho kwa macho. "Mama Zachary. Kuna mtu yeyote anayelijua jambo hili?"

"Pauline anajua. Nilimwonyesha Jumamosi. Hapa hapa, nimevua gauni mbele yake. Muulizeni."

Umati ukageuka.

Pauline alikuwa amesimama kando ya meza ya kukatia vitambaa. Lavender akamtazama mama yake, na niliona binti huyo akimwomba kwa macho. Aseme ndiyo. Neno moja tu.

"Mama? Alikuonyesha?"

Pauline alijifuta jasho la juu ya mdomo.

"Hakunionyesha kitu."

"Pauline!" nikapiga kelele.

"Hakunionyesha kitu, jamani. Mimi tangu Jumamosi nilimwona hayuko sawa. Tulikuwa tunajadili kitabu, sisi tunacheka, yeye anabubujikwa na machozi. Waulizeni wenzangu kama nasema uongo."

Hawo akafikiri. Nikamwona akikumbuka. Nikahisi vidole vyake vikilegea, kimoja kimoja, mpaka mkono wangu ukabaki hewani peke yake.

"Ya Rabbi," alisema Bi Mwanaarusi, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli, maana ni mwanamke mwema. "Ni kile kitabu. Mama wa kitabuni amemwingia kichwani, sasa anadhani ni yeye. Tumemfanyia makosa. Mtu mwenye majonzi hapewi kitabu kama kile."

Watu wakaguna wakikubali. Hayo yaliwaridhisha. Kesi ikaisha.

Nawaambia ukweli, kwa muda kidogo hata mimi nilijiuliza. Nilijigusa mkono nione kama kidonda kipo.

Zachary akaja, akanizungushia leso mabegani ili nisionekane vibaya. Akanishika mkono. Wa kulia. Watu wote wakaona mtoto anavyomshika mama yake. Hawakuona kidole gumba, kimeingia juu ya kidonda, kinakandamiza.

"Twende nyumbani, mama. Twende ukapumzike."

Umati ukatupisha njia, kama inavyopishwa maiti.

"Na mimi nakuja."

Alikuwa Lavender. Amechukua mkoba wake, amesimama wima.

"Wewe unakwenda wapi?" Pauline alimrukia.

"Kwa mama mkwe wangu. Si mmesema ni mgonjwa? Mimi si ndiye mke wa nyumba ile? Nitamuuguza."

"Leo si siku yake. Twende nyumbani kwetu kwanza, washenga bado."

"Kwa nini nisiende, mama?" Lavender hakuinua sauti. Kila mtu alikuwa anasikia. "Mama Zachary ana kichaa, Zachary ni mtu mwema. Umesema wewe. Kuna nini nyumba ile cha kunizuia?"

Pauline alifungua kinywa.

Nilimtazama, msomaji. Niliomba kama sijawahi kuomba. Hata kama hataki kuniokoa mimi, huyu ni wake, alimbeba tumboni. Aseme tu, Nilionyeshwa. Aseme, Niliona. Watu wote wale walikuwa pale, masikio wazi, wanamngoja.

Akatazama nyuso za wanawake wa kanisani. Akatazama tumbo la bintiye, ambalo sasa kila mtu alikuwa akilitazama.

Akakifunga kinywa.

"Nenda basi," alisema. "Lakini usichelewe."

Njiani nilimwomba Lavender arudi. Nilimwambia kwa kunong'ona, Zachary akiwa anasalimiana na watu wanaompa pole. "Rudi, mwanangu. Nakusihi. Mimi nimezoea."

"Ndiyo maana siwezi kukuacha naye," alisema. "Mbele yangu hatakugusa. Mimi ananipenda."

Tukafika. Jirani zetu walikuwa nje wanapepeta mchele, wakasimama, wakaniambia, "Ugua pole, Mama Zachary." Lavender akaingia wa kwanza. Mimi nikafuata. Nyuma yangu nikasikia Zachary akiwashukuru, akiwaambia sote tuko mikononi mwa Mungu.

Akaingia. Akafunga mlango, akatia komeo.

Akavua saa ya mkononi. Nayajua mazoea yake, huwa anaivua kwanza ili isivunjike. Akaiweka juu ya kabati, taratibu, kioo kikitazama juu.

Kisha akavuta kiti, akakikalia, akatutazama sisi wawili, mimi nyuma, Lavender mbele yangu na mkono mmoja tumboni.

"Haya," alisema. "Nianze na nani?"